Ukuta wa Nyuzi

Ukutani mwa ofisi ile kuna misumari arobaini na mitatu isiyoshika kitu. Wapaka rangi wamekuja mara mbili, na mara zote wameizunguka kwa brashi, kama mtu anayepita polepole kando ya aliyelala. Hapo ndipo Penina alipofanyia kazi.

Alikuwa mpangaji wa kazi wa kampuni ndogo ya kuchimba visima, mjini Dodoma. Kila kisima kilikuwa na msumari wake, na kila hatua ilikuwa na uzi wa sweta: wa njano mtambo unachimba, wa bluu matope ya mvua kule bonde la Bahi, mwekundu palizi. Uzi mweupe ulikuwa wa misiba. Huo haukufungwa popote; ulining'inia pembeni, ukingoja.

Mwaka 1999 Abdulrazaki, mwenye kampuni, alirudi kutoka Dar es Salaam na kompyuta kwenye boksi.

"Penina, watakuja watu wawili kutuuzia programu ya kupanga kazi. Wewe ndiye utakayechagua."

"Na ukuta wangu, bosi?"

"Ukuta utapumzika."

Hakusema kama na mwenye ukuta angepumzika.

"Dada, umeambiwa uchague kamba, na shingo ni yako!" alisema Matonya, dereva wa mtambo.

Penina alitafuta njia yake ya kuwapima wauzaji. Alichukua kazi ya msimu uliopita, visima sita, iliyoanza Desemba na kwisha tarehe kumi na moja Juni. Akainakili kwenye karatasi kana kwamba haijafanyika bado.

Wa kwanza kufika alikuwa Aiman, na tai yake. Programu yake ilichora mistari ya rangi mizuri kama kitenge kipya.

"Kisima namba nne, Bahi, kitachimbwa Februari," alisoma. "Kazi yote inaisha Machi."

Mlangoni, Matonya alicheka mpaka akashika fremu. "Bahi, Februari! Kaka, mtambo tuufunge kwenye mtumbwi? Na vibarua utawatoa wapi? Watu wote wako mashambani wanapalilia uwele."

"Programu inahesabu Jumatatu hadi Ijumaa," Aiman alisema.

"Basi ikapalilie yenyewe Jumamosi."

Lakini Abdulrazaki alikuwa ameshaipenda ile mistari. Aliinamia kioo akitabasamu kama aliyeonyeshwa picha ya harusi.

Alhamisi akaja muuzaji wa pili, Yusra. Alimwamkia Penina shikamoo, akaketi, na kabla ya kugusa kitufe akauliza, "Mama, siku zenu za kazi ni zipi?"

Penina aliutazama ukuta. Wakaanza: wiki za palizi, wiki za matope, mavuno. Walikula chapati hapohapo mezani.

"Na huu mweupe?"

"Wa misiba."

"Tuuweke tarehe gani?"

Wakatazamana, wakacheka.

Alasiri mashine ikatoa jibu: tarehe tisa Juni. Ilikosea siku mbili tu.

Yusra alipoondoka, Matonya alisogea. "Dada, chagua ya Aiman. Bosi anaitaka. Itavuruga msimu mmoja, kisha wote tutarudi kwenye nyuzi zako. Hii ya Yusra imeshanyonya kila kitu kichwani mwako. Wakiinunua, wewe wa nini?"

Penina aliugusa uzi wa bluu wa Bahi. Kisha akasema, "Na watu wa Bahi wanaongoja visima vingine, huo msimu mmoja, watakunywa nini?"

Akaenda kwa Abdulrazaki. "Ya Aiman inapendeza, bosi. Lakini haijui palizi. Nunua ya Yusra."

Jumatatu, programu ya Yusra ilipokwisha kununuliwa, alizifungua nyuzi zote mwenyewe, akafuma kofia ya mjukuu. Aliubakiza ule mweupe, akauning'iniza kwenye kona ya kompyuta, akasubiri kuambiwa aende.

Wiki ya tatu kibarua mmoja alifiwa na baba huko Mtumba. Mashine haikujua. Abdulrazaki alibonyeza, akabonyeza tena, kisha akaita, "Penina! Msiba wa Mtumba ni siku ngapi? Nani ataenda kuzika, nani atabaki na mtambo?"

"Nipishe nikae, bosi," alisema Penina.

Akakaa kwenye kiti kile miaka saba, hadi alipostaafu.

Sasa anaishi Bahi, analima mpunga ekari mbili, na maji anachota kwenye kisima namba nne.