Mashine tisa zimegoma, na fomu inafungwa saa kumi

Saa mbili na robo asubuhi, mama mmoja aliyevaa koti la bluu la wafagizi amekaa mbele ya kompyuta namba nne, na hafagii. Anabofya alama ya kivinjari. Mshale unazunguka kidogo, unasimama, kisha kimya. Anabofya tena. Kimya.

Anahamia namba tano, halafu sita. Kompyuta zote tisa za chumba hiki cha nyuma, ndani ya maktaba ya umma, zimegoma kwa namna ile ile. Zinawaka, mtandao upo, ila kivinjari, ambacho ndicho mlango wa kuingilia mtandaoni, hakifunguki.

Zimechagua siku mbaya. Saa kumi jioni chuo cha uuguzi kinafunga maombi, na fomu yake haijazwi kwa simu. Msusi mmoja wa mtaani, mwenye miaka thelathini na minne, ameahidi kuja kuimalizia hapa. Chuo hakipokei mwombaji aliyefikisha thelathini na mitano, kwa hiyo kwake yeye hakuna mwakani.

"Vyeti vyake tulishaviingiza juzi," anasema mama huyo. "Ilibaki picha tu na kubonyeza tuma. Na sasa mashine zinanitazama tu."

Watu hapa humwita Mama Skrini Nyeusi. Alifagia jengo hili kwa miaka kumi na mmoja, na kwenye karatasi za ajira bado ni mfagizi. Kompyuta zilipoletwa zilikuwa kuukuu, zikawekewa Linux, mfumo usiolipiwa na usiozielemea mashine za zamani. Fundi aliyeziweka alihama baada ya miezi mitatu na hakuletwa mwingine. Mama, ambaye kila siku alikuwa akizipangusa vumbi, akaanza kumuuliza shemeji yake, fundi wa mji mwingine, jambo moja moja kwa simu.

"Mwanzoni alinicheka. Eti shemeji, wewe na kompyuta wapi na wapi? Nikamwambia cheka, ukimaliza unielekeze."

Sasa anafungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, kilichompa jina, anaandika jina la kivinjari kwa herufi ndogo, anabonyeza. Safari hii mashine inajibu. Inasema kuna maktaba ya pamoja inayoitafuta, na haipo.

Maktaba, kwa lugha ya mafundi, ni faili ambalo programu nyingi hulitumia kwa pamoja. Mwenyewe anaieleza hivi: "Ni kama saluni yenye draya moja ya kukaushia nywele na wasusi watano. Hakuna anayekuja na yake. Ukiiondoa ile moja, wote mikono mitupu."

Mkutubi mkuu, mzee wa utaratibu asiyependa maneno mengi, anachungulia mlangoni.

"Kuna nini?"

"Maktaba haipatikani, mzee. Naomba utubandikie tangazo, watu wasihangaike mpaka nimalize."

Mzee anamtazama kidogo, anatazama rafu za vitabu nyuma yake, anatikisa kichwa na kwenda kutafuta karatasi. Mama hata hageuki. Tayari ameshampigia shemeji.

"Shemeji, jana uligusa nini?" anauliza fundi huyo baada ya kusomewa jibu la mashine.

"Sikugusa. Nilisafisha tu. Diski zilijaa, nikaiambia mashine iondoe visivyotumika."

"Zote tisa?"

"Zote tisa."

Kicheko kinasikika mpaka nje ya simu. "Shemeji, umefagia mpaka mafiga!"

Kumbe kivinjari kile hakikuwekwa kwa njia ya kawaida. Fundi wa kwanza alikipakua na kukifungua kwa mkono ndani ya folda, na mfumo haukuwahi kukitambua. Jana ulipoulizwa ni maktaba zipi hazina mwenyewe, ukazitaja zake. Mama akajibu ndiyo, zifutwe.

"Ni mkono wangu," anasema bila kujificha. "Ile ni akili ya ufagio. Ukikuta kitu sakafuni hakina mwenyewe, unazoa. Nililia dakika mbili, nikajikaza kisabuni."

Shemeji anampa njia ya mkato: achukue maktaba nyingine inayofanana, aibandike jina la iliyopotea. Mama anakataa.

"Kivinjari kitafunguka, halafu kitajifunga katikati ya fomu. Dada wa watu apoteze kila kitu? Hapana, shemeji. Nitaziweka zenyewe."

Anaandika amri fupi ya herufi tatu, ldd, inayoorodhesha maktaba zote ambazo kivinjari kinazitaka na kuonyesha zilizokosekana. Zimekosekana kumi na nne. Anazinakili kwenye daftari, anatafuta kila moja imo katika kifurushi gani, anakipakua na kukiweka. Anapomaliza ya kumi na nne, kivinjari kinadai ya kumi na tano, ambayo haikuwa hata kwenye orodha.

"Hapo nilitaka kukipiga kofi," anasema.

Saa saba kasoro, namba nne inafunguka. Anapiga kigelegele kidogo peke yake, kisha anahamia namba tano. Hajiulizi sana kwa nini msusi hajafika. Anadhani amebanwa na wateja. Saa tisa kasorobo zote tisa ziko wazi, na kila moja ameiambia kwamba maktaba hizo zina mwenyewe, zisiguswe tena.

Chumba ni kitupu. Hakuna hata mtu mmoja kwenye foleni. Anatoka hadi mlango mkubwa, na hapo anaikuta karatasi yenye herufi kubwa zilizonyooka: LEO MAKTABA HAIPATIKANI.

"Mzee, hii ndiyo nini?"

"Maneno yako. Nimeyaandika kama ulivyoyasema."

"Maktaba ya ndani ya mashine, mzee!"

"Sasa mimi nitajuaje kuna maktaba nyingine ndani ya maktaba yangu?" Kisha sauti inamshuka. "Kuna dada mmoja alikuja saa nne na bahasha. Aliisoma mara mbili, akaondoka."

Mama hasubiri. Anatimka na koti lake la bluu, anavuka barabara mbili, anapanda ngazi za jengo lenye duka la dawa chini na saluni juu. Msusi yupo, macho mekundu, vidole ndani ya nywele za mteja.

"Dada, twende. Zimefunguka."

"Si mmefunga?"

"Hatujafunga. Nitakueleza njiani."

Msusi anamtazama mteja wake, ambaye amesukwa upande mmoja tu. Mteja anampokonya kitana.

"Nenda, mwanangu. Nitakaa na nusu kichwa changu. Ukichelewa nitakufuata hivi hivi, mji mzima unione."

Saa tisa na dakika hamsini na moja, kwenye kompyuta namba nne, msusi anabonyeza tuma. Namba ya kupokelewa inatokea. Anaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, halafu anaegemeza paji la uso kwenye bega la mfagizi na kulia waziwazi. Mkutubi mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, anajifanya kunyoosha pazia.

Msusi akishaondoka kwenda kumalizia kichwa cha watu, mama anabaki kwenye kiti kile kile. Kuna mtihani wa cheti cha ufundi wa kompyuta ambao ameuogopa kwa miaka miwili. Anafungua ukurasa wake wa kujiandikisha. "Nimemwona mwenzangu akibonyeza zikiwa zimebaki dakika tisa," anasema. "Nikajiuliza, mimi nangoja nini?"

Anajaza umri: arobaini na mitatu. Kwenye nafasi ya kazi anaandika mfagizi, anasimama, anafuta herufi moja baada ya nyingine. Kisha anaandika: fundi.