Gari Lililokua

Juzi, pale Turwa, nilimwona fundi akifunga matairi makubwa kwenye pikapu. Harufu ya mpira mpya ikanirudisha utotoni, nyumbani Nyamwaga, baba akigonga madigadi ya pikapu yetu kwa nyundo ili matairi mapya yaenee. Mama, mjamzito, alikaa mlangoni akitazama mawingu.

“Tata, gari limekua?” nilimuuliza baba, maana hata mimi viatu vyangu vilikuwa vimeanza kunibana.

“Limekua, Bhoke.”

Nilimwamini kabisa. Sikujua alikuwa anaiwaza barabara ya kwenda hospitali wakati wa mvua. Wiki ile pikapu ililivuka tope lililokuwa limenasa magari mengine, na mama akarudi amempakata mdogo wangu.

Nilikuwa nawasubiri mlangoni, nimemshikia mtoto vile viatu vyangu vilivyonibana.