Mtazama Mawingu wa Serikali

Enzi za Mwingereza, kila asubuhi mtazama mawingu wa pale Arusha alisimama uani mwa ofisi ya hali ya hewa, akanyoosha ngumi juu na kuigawa mbingu mafungu kumi, kama mchinjaji anavyogawa ng'ombe. Kabla ya kuandika ni mafungu mangapi yamefunikwa, alikuja kwenye uzio nilipouzia chumvi. "Umeamkaje, tajiri? Mlima umejifunika leo?" "Mpaka kiunoni," namjibu. Anacheka, anarudi kuandika. Nilidhani ni maongezi tu. Lakini mfanyabiashara humsoma mtu mikono na macho, na huyu alipapasa mlango kabla ya kuushika, na mboni zake zote mbili zilikuwa na ukungu mweupe. Kwake yeye, kila siku ilikuwa na mawingu. Na ile nyumba ya serikali kule Kijenge, pamoja na mke na watoto waliomo, ilitegemea macho hayo.

Siku Mzungu mkaguzi alipokuja, hapakuwa na wingu hata moja. "Mafungu mangapi?" akauliza. Ngumi ilipanda. Jasho lilimtoka shingoni, akageuza uso kwenye uzio. Mimi sitoi kitu bure, lakini nilimpigia kelele Mama Eunike, mteja wangu: "Mama, anika maharage, mbingu iko wazi kabisa!"

"Si nimeanika tangu alfajiri? Una wazimu wewe?"

"Hakuna hata fungu moja, bwana," mtazama mawingu akasema upesi.

Mkaguzi hakutazama juu. Alimshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye jua.