Kiti cha Pembeni

Mama Mapazia hakati kitambaa kabla hajakaa. Akiitwa kushona mapazia ya nyumba huomba kiti, hukisogeza dirishani, hufumba macho, akajiona ndiye atakayekuwa akikaa hapo kila siku. Wenye nyumba hukonyezana. Wakonyezane tu, pazia lake halijawahi kurudishwa.

Hata kadi ya benki aliichagua hivyo hivyo.

Si msafiri wa kutajwa. Mara moja kwa mwaka, kazi zikipungua, hupanda ndege kwenda kwa binti yake aliyeolewa ng'ambo. Huenda peke yake. Mumewe, fundi redio, alikosana na binti kwa ajili ya ndoa hiyo, akaapa hatatia mguu kwake. Ni mtu mwema, ila shingo anayo, tena ya chuma. Mjukuu sasa anatembea, na babu anamjua kwa picha tu, picha anayoitazama akidhani mkewe haoni. Jambo hilo lilimuuma Mama Mapazia kuliko alivyowahi kusema.

Pale benki, binti wa mezani alimwekea kadi mbili.

"Zote ni za mkopo, mama, na zote zina zawadi za safari. Hii ya dhahabu inakuingiza kwenye ukumbi wa mapumziko wa uwanja wa ndege. Viti laini, chai, utulivu. Hii ya kijivu haina ukumbi, ila mara moja kwa mwaka ukikata tiketi yako, mwenzako anapata ya kwake bure."

"Nivumilie kidogo, mwanangu," alisema, akafumba macho pale pale.

Akaingia ukumbini. Zulia lilimeza nyayo zake. Mapazia marefu yalipumua taratibu, na nje ndege zilipaa bila sauti, moja baada ya nyingine, kana kwamba hazina haraka ya kufika popote. Akaketi, akanyoosha miguu. Raha iliyoje! Kisha akageuka kusema, "Hebu ona upindo ule, mtu kashona huku anasinzia," na kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Akakitazama mpaka machozi yakamlenga.

"Nipe ya kijivu," alisema.

Jioni aliiweka mbele ya mumewe, kando ya redio iliyotolewa matumbo, akamweleza habari ya tiketi ya pili.

"Mpe dada yako," alisema mume bila kuinua kichwa.

"Wamesema mwenzangu. Dada yangu ndiye niliyezeeka naye?"

Mzee akapuliza vumbi ndani ya redio, vumbi ambalo halikuwepo.

Mama Mapazia hakumsukuma. Akawa ananunua nyuzi na vitambaa kwa ile kadi, analipa kabla riba haijamng'ata, na akilala anaota viti viwili juu ya mawingu.

Asubuhi moja, mkasi ukiwa katikati ya kitambaa cha mteja, alisikia kiti kikiburutwa. Mumewe alikuwa amekisogeza dirishani. Akakaa. Akafumba macho, mikono magotini, akabaki hivyo kitambo.

"Huko kwenye ndege," aliuliza, macho bado yamefumbwa, "dirishani anakaa nani?"

"Anakaa babu wa mtu," alijibu Mama Mapazia, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kushika mkasi, akakata kitambaa kombo.