Mshumaa Niliomwashia Wandera

Leo mama yangu amezima mshumaa wangu mbele ya parokia nzima.

Ilikuwa Misa ya kuwaombea marehemu wote. Kila familia huwasha mshumaa mbele ya altare kwa ajili ya mtu wake.

Nikawasha wa baba. Kisha, bila kushauriana na mama, nikawasha wa pili kwa ajili ya kaka yangu Wandera, tanboi, msaidizi wa dereva, aliyevuka mpaka wa Malaba na lori miaka mingi iliyopita, asisikike tena.

Nilidhani ninampa mama ruhusa ya kulia. (Pengine nilikuwa ninajipa mwenyewe.)

Mama akainuka, akaenda mbele polepole, akaupuliza ule wa Wandera ukazimika.

"Mama, mshumaa wa marehemu hauzimwi hivyo!" akanong'ona jirani yetu wa jumuiya.

"Wako ni marehemu," mama akamjibu. "Wangu amechelewa tu."

Akaubeba hadi kwenye sanamu ya Mtakatifu Antoni, anayeombwa na waliopotelewa, akauwasha upya. Padri akasubiri. Sote tukasubiri.

Nilitarajia kugombezwa tukitoka. Badala yake alinishika mkono pale langoni.

"Nabwire, wewe unafanya kazi na madereva huko mpakani. Umesikia nini hata ukamwashia mshumaa wa marehemu? Niambie tu."

Sijasikia chochote. Nimemwapia, naye ananitazama kama mtu anayefichwa jambo. Chakula amekikataa.

Sijui tena kama niliwasha kwa upendo au kwa kuchoka kungoja.

Ninyi mngemwambia nini, ili aamini kwamba sijui?