Krosova ya Mwalimu wa Kwaya

Mwezi wa sita Kilolo hufunikwa na ukungu mpaka saa nne, na mwaka huu nilifika nyumbani ukungu ukiwa bado umekaa kibarazani. Baba alikuwa amenipigia simu Mbeya, ninakofanya kazi, akiongea kwa kelele kama kawaida yake siku hizi: "Mama, spika zimekufa. Njoo na mita yako ya kupimia umeme." Ndivyo anavyoniita, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. Mama aliyenizaa tumemzika nyuma ya nyumba.

Spika zile, rafiki yangu, zilikuwa na heshima kuliko viti vya wageni. Hakuna aliyethubutu kuweka kikombe juu yake. Baba, mwalimu wa kwaya usharikani, alizitengeneza mwenyewe kwa mbao za msindano, na ndani akazivika vipande vya blanketi tulilokuwa tukijifunika, likinuka moshi.

Amplifaya ya kwanza ilikuwa ndogo. Siku ya kipaimara changu jirani aliifungua mpaka mwisho ili wasikie hata walioko bondeni. Sauti ikakwaruza, kisha zile spika ndogo za juu, twita, zikanyamaza zote mbili.

"Mwalimu, kadude kadogo kale kangeunguza nini?" jirani alijitetea.

"Kadogo kakilazimishwa kupiga kelele ndiko kanakounguza," baba alimjibu. "Hujawaona waimbaji wangu wa tenori?"

Akatafuta amplifaya yenye nguvu ya kutosha, isiyohitaji kufunguliwa mpaka mwisho. Halafu akaanza krosova. Aliisuka kwenye meza ileile tuliyolia viazi na chai ya maziwa: koili za waya wa shaba na kapasita, vimepangwa juu ya kibao, kazi yake kugawa sauti, nzito ziende kwenye spika kubwa na nyembamba kwenye twita. "Besi akae na besi, soprano akae na soprano," alisema. Kipimo cha dukani hakuwa nacho. Kipimo chake kilikuwa mama.

Mama aliimba soprano. Jumapili baada ya ibada, baba aliweka kanda aliyomrekodia kanisani akiimba peke yake, na mama akasimama katikati ya spika. Ubeti mmoja uliimbwa na kanda, mwingine na mama mwenyewe, bila mpangilio. Sisi tulikaa uani tumeligeuzia dirisha mgongo, tunapukuchua mahindi, tukipaza sauti, "Kanda!" au "Mama!" Bibi alijibu kwa uhakika kuliko wote. "Huyo mkwe wangu, namjua!" Kumbe kanda. Tulipopatia, baba alinuna, akarudi mezani kupunguza mizunguko ya koili. Siku tulipokosea wote, aliyafunga masanduku ya spika kwa skrubu, na hayakufunguliwa tena.

Niliyafungua mimi mwezi huu wa sita. Nilikwenda kwa utaratibu. Nikapima twita, mita ikaonyesha ni nzima. Nikabadilisha nyaya za kushoto na kulia. Nikaweka kanda, na mama akaimba. Maneno yote yalitoka safi.

Baba akatikisa kichwa. "Anaimba kama amejiziba mdomo kwa kanga. Badilisha kapasita."

Nikabadilisha.

"Bado."

Nikaunga amplifaya niliyokuja nayo. Akaongeza sauti mpaka kuku wakakimbia kibarazani. "Bado, mama! Krosova imekosea!"

Nikaizima ile kanda. Simu yangu ikalia mezani, kando ya mkono wake, mlio mwembamba wa kuchoma, ikalia mpaka ikakata. Hakugeuka. Hapo nikaelewa kwamba krosova haikuwa na kosa lolote. Mkobani nilikuwa na bisibisi, mita na kapasita za akiba, na hakuna hata kimoja cha kumfaa.

Nikawasha tena. Baba akanitazama usoni. "Wewe unamsikia?"

Ningesema hapana angefurahi, na kesho yake tungekwenda Iringa mjini kutafuta twita mpya. Nikainama karibu na sikio lake. "Namsikia, baba. Anasikika vizuri."

Akainamia spika ubeti mzima, mikono magotini.

"Alikuwa na tabia mbaya," akasema mwishowe. "Anavuta pumzi katikati ya mstari. Nimemgombeza miaka yote, hasikii. Rudisha mwanzo. Akivuta, nyanyua mkono."

Nikarudisha. Kila mama alipovuta pumzi nilinyanyua mkono, na baba kila mara akaguna kama mwalimu aliyekutana na kosa lilelile: "Unaona? Unaona sasa?"

Nje ukungu ulikuwa umepanda, na wala hapakuwa na mtu uani wa kubishana kuhusu nani anaimba. Nilinyanyua mkono na kuushusha mpaka kanda ikaisha, kwa sababu katika nyumba ile nilikuwa nimebaki mimi tu ninayeweza kumsikia.