Fundi wa Masasi anayerudisha gari na kasoro zake za kiwandani

Saa mbili asubuhi, Jumatano. Filemoni Chinduli amelala chali chini ya gari, mkononi ana brashi iliyonyolewa nusu ya nywele zake, na anaharibu kazi yake mwenyewe.

Jana alipaka dawa nyeusi ya kuzibia maungio ya bati, akaisawazisha hadi ikawa laini kama sahani. Leo ameikwangua yote. Anaipaka upya ovyo ovyo, hapa nene, pale nyembamba, lakini kwa umakini ambao ungeutegemea kwa daktari wa macho.

“Aliyepaka hapa mwaka sitini na saba alikuwa na haraka,” anasema kutoka uvunguni. “Labda kengele ya chakula ilikuwa imelia. Basi na mimi lazima niwe na haraka ileile.”

Gari lenyewe ni Ford Mustang ya mwaka 1967, milango miwili, rangi ya kijani cha jani la mkorosho lililokomaa. Limetengenezwa Marekani na limeegeshwa Mkomaindo, mjini Masasi, chini ya paa la bati, katikati ya bajaji mbili zinazosubiri bushi na pikapu isiyo na boneti.

Injini yake ni V8, ya silinda nane, na mjini hapa ukitaja V8 watu hugeuza shingo barabarani kutafuta msafara wa mheshimiwa. Filemoni hufurahia sana kuwaambia kwamba V8 ya kwanza kuonekana Masasi haikuwa na mheshimiwa ndani. Ilikuwa na mfanyabiashara wa korosho na vitambaa, marehemu Mzee Salmini, aliyeinunua mwaka 1971 kutoka kwa mhandisi Mmarekani aliyekuwa akirudi kwao.

Mwandishi wa makala haya amekuta zimebaki siku tatu. Jumamosi wanakuja wakaguzi watatu wa chama cha wenye magari ya kale kutoka Dar es Salaam. Watalitazama gari kuanzia nati hadi nati na kulipatia alama kati ya mia. Likipata tisini au zaidi, litapewa cheti kwamba liko kama lilivyotoka kiwandani.

Lisipopata, linauzwa. Mnunuzi yuko tayari, na mipango yake haifichi: atang’oa injini aweke ya gari la Kijapani, akate paa, apige rangi nyeupe, akodishe kwa maharusi.

Hayo ni makubaliano ya watoto wawili wa Mzee Salmini. Bi Maryam, muuguzi mstaafu mwenye umri wa miaka 63, anataka gari libaki. Mdogo wake Haji, mfanyabiashara wa mbegu na pembejeo, amechoka nalo.

“Sina ugomvi na dada,” anasema Haji. “Lakini gari halilimi, halibebi korosho, na lilikaa ghalani miaka arobaini likifuga panya. Nimemwambia, waje wenye elimu yao walipime. Wakisema ni kitu, nami nitasema ni kitu.”

Bi Maryam alikubali mbele ya ndugu wote. “Likishindwa, sitatia neno,” anasema. Kisha anatazama pembeni, na ni wazi kwamba maneno hayo yalimtoka kwa shida.

Filemoni, mwenye umri wa miaka 46, hakuzaliwa kwenye magrisi. Ni mtoto wa Mnyambe, wilayani Newala, na baba yake alikuwa mchongaji wa vinyago. Alishika tezo ya kuchongea akiwa darasa la pili. Hadi alipofika miaka thelathini na tatu, mpingo ndio uliomlisha.

Biashara ya vinyago ilipodorora alishuka Masasi na kuanza kunyoosha bodi za magari yaliyogongwa. Siku za kawaida anaingiza kati ya shilingi 15,000 na 20,000. Msimu wa korosho, malori yanapojaa mjini, hufika hata 60,000. Kwa Mustang, Bi Maryam amekuwa akimlipa laki mbili kwa mwezi kutoka kwenye pensheni yake, na kuna miezi Filemoni amezirudisha zote zikanunue spea.

Walikutana mwaka 2022. Bi Maryam alipita gereji akakuta Filemoni anachonga kirungu cha gia kwa ajili ya pikapu ya mtu. Akasimama kutazama. Kesho yake akarudi na ufunguo wa ghala.

“Nilifungua mlango nikaona kitu kimefunikwa magunia,” anakumbuka Filemoni. “Nikanyanyua gunia moja. Taa ikaniangalia. Nikalirudishia gunia, nikamwambia, Mama Sijaona, nipe siku mbili nikafikiri. Nyumbani sikufikiri chochote. Nilikuwa na furaha tu, nashindwa hata kula.”

Anamwita hivyo kwa jina la binti wa kwanza wa Bi Maryam, naye Bi Maryam humwita Baba Nancy, kwa jina la mtoto wake. Kwa miaka mitatu hii hakuna aliyewahi kumwita mwenziwe vinginevyo, hata siku walipogombana.

Na waligombana.

Ugomvi ulianzia kwenye kinembo cha farasi anayekimbia. Mustang ina vinembo viwili vya aina hiyo, kimoja kila ubavu, nyuma ya tairi la mbele. Cha kulia kilikuwepo. Cha kushoto kilipotea zamani, hakuna anayejua lini.

Filemoni ana namna yake ya kutengeneza kipande kisichopatikana. Anakichonga kwanza kwa mpingo, kwa sababu mpingo unashika kona na haupindi. Anaukandamiza kwenye mchanga wa mto uliochanganywa na udongo, anautoa, kisha anamimina alumini iliyoyeyushwa kutokana na pistoni chakavu. Kikipoa anakipiga msasa na kukituma Dar kwa basi kikapigwe kromu.

Farasi wa kwanza alirudi kutoka Dar akiwa anameta. Manyoya ya shingo yanapepea, pua zimetanuka, misuli ya paja inaonekana. Mafundi wa jirani walikuja kumtazama. Mmoja alisema ukimsogezea majani atakula.

Bi Maryam alimshika, akamgeuza, akamweka kando ya yule wa kulia.

“Baba Nancy,” akasema, “farasi wako ni mzuri kuliko wetu. Kwa hiyo si wetu.”

Filemoni anakiri aliondoka pale kwa hasira. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini wahenga hawakusema mgema afanye nini tembo lake likikataliwa kwa kuwa tamu mno.

“Ilinichukua wiki nzima kuelewa,” anasema. “Kwetu mchongaji anafundishwa asirudie. Baba akikuta nimechonga vinyago viwili vinavyofanana, anachukua kimoja anakitia motoni. Anasema, hiki umechonga, hiki umeiba. Sasa mtu ananiambia nifanye kile ambacho baba alikuwa anakichoma.”

Aliporudi kulitazama gari kwa jicho jipya, akaona kosa halikuwa la farasi peke yake. Upenyo wa mlango wa kulia, ambao kiwandani uliachwa mpana juu na mwembamba chini, alikuwa ameunyoosha ukawa sawa. Maungio yaliyochomelewa kwa mabonge alikuwa ameyasaga yakalala. Kwa lugha yake mwenyewe, alikuwa amelichonga gari.

“Nilikuwa nimemfanyia marehemu gari ambalo hakuwahi kulipanda,” anasema.

Alitumia miezi minne kubomoa uzuri aliouweka. Akarudisha mlango na upenyo wake mbaya. Akachomelea mabonge juu ya maungio. Chini ya uchafu wa ukuta wa injini alikuwa amegundua alama ya chaki, kitu kama tatu iliyolala, mkono wa mkaguzi wa kiwandani. Hiyo hakuigusa hata kwa kitambaa.

Kitabu cha kiwanda kiko kwa Kiingereza, na msomaji wake ni Oliva, mkewe, mwalimu wa shule ya msingi. Jioni baada ya kusahihisha madaftari humsomea mumewe ukurasa mmoja au miwili.

“Wanawake wenzangu wanaume zao wanawaficha simu,” anasema Oliva. “Mimi wangu ananiuliza kabureta imeandikwaje. Nashukuru Mungu, lakini kuna siku nimetamani afiche simu kama wenzake.”

Kuhusu farasi wa pili, Filemoni alimchonga kwa kutazama yule wa kulia kwa kioo cha kukuzia. Akahesabu mabonge ya manyoya. Akaona mguu mmoja wa nyuma ni mnene isivyo haki, akauchonga mnene isivyo haki. Pua haikuwa na tundu, akaiacha bila tundu.

“Huyo ndiye aliyenitoa jasho,” anasema. “Kuchonga vizuri najua tangu utotoni. Kuchonga vibaya kwa kipimo cha mtu mwingine, hapo ndipo nimekuwa fundi.”

Jumamosi imefika. Wakaguzi wanaingia saa tatu asubuhi, wakiongozwa na mhandisi mstaafu anayeitwa Bi Mabel, mama mfupi mwenye tochi kichwani kama ya wachimba madini. Filemoni anawaamkia, shikamooni, kisha anasogea kando ya pikapu. Haji ameketi kwenye kiti cha plastiki, simu mkononi. Mnunuzi anasubiri upande wa pili wa simu.

Orodha ya vipande vilivyotengenezwa upya, iliyoandikwa na Oliva kwa mwandiko wa mwalimu, imo kwenye bahasha iliyofungwa. Ndiyo desturi ya chama. Wanaangalia gari kwanza, karatasi mwisho, ili macho yasiongozwe na kalamu. Kipande kipya wanachokitambua kinakatwa alama. Wasichokitambua, na mwenye gari amekitaja mwenyewe kwenye orodha, hakikatwi.

Matairi mapya, alama tatu. Kioo cha nyuma, mbili. Betri, mbili. Waya za taa, mbili. Alama zimebaki tisini na moja na saa inaelekea saba. Bi Maryam amekunja leso yake hadi imekuwa ndogo kama tende.

Bi Mabel anaingia uvunguni. Anakaa huko muda mrefu. Kisha sauti inatoka chini.

“Nani amepaka hii dawa nyeusi?”

“Mimi, mama,” anajibu Filemoni.

“Umepaka ovyo.”

“Ndiyo, mama.”

“Kama wao kabisa,” anasema Bi Mabel, na anatoka akijipangusa vumbi. Hakati kitu.

Anazunguka gari mara ya mwisho. Anainama kwenye ubavu wa kushoto, anapapasa farasi, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Anakwenda kulia. Hapo anasimama, anapapasa, anarudi kushoto, anakuja tena kulia.

“Huyu wa kulia ni wa kuiga,” anawaambia wenzake. “Kazi nzuri, lakini mguu wake mnene mno. Alama mbili.”

Themanini na tisa.

Haji ananyanyuka kwenye kiti. Bi Maryam haangalii mtu. Filemoni anaonyesha bahasha kwa kidole.

Bi Mabel anaifungua na kusoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Matairi. Kioo. Betri. Waya. Wa tano unasema: farasi wa kushoto, amechongwa kwa mpingo na kumiminwa Masasi.

Anasoma tena. Anakwenda kushoto, anapiga magoti, anawasha tochi mchana ule wa jua kali. Anarudi kulia, kwa farasi wa kiwandani aliyemkata alama. Wenzake wawili wanakuja kuangalia juu ya mabega yake, na mmoja anaanza kucheka kabla hajajua kama inaruhusiwa.

“Nimemkatia alama aliyezaliwa nalo,” anasema Bi Mabel hatimaye. “Mrudishieni mbili zake. Tisini na moja.”

Bi Maryam analia waziwazi, na hataki kuambiwa anyamaze. Anamshika Filemoni mkono wenye grisi kwa mikono yake yote miwili. “Baba Nancy,” anasema, “umemrudisha baba barabarani.” Mwandishi naye, aliyekuja akijiona ni mtazamaji tu, alijikuta anapiga makofi na mafundi wa bajaji.

Haji amesogea pembeni na simu. Maneno yake yamesikika kwa wote: “Hapana ndugu yangu, haliuzwi. Hata ukiongeza. Kwani hujasikia? Limefaulu.”

Sasa Filemoni ana kazi ya pili inayomsubiri kijijini Nanganga, lori la Chevrolet lililokaa kando ya shamba la mihogo tangu kabla hata yeye hajazaliwa. Halina mlango hata mmoja. Wazee wawili wamemwambia lilikuwa jekundu, wa tatu ameapa lilikuwa la buluu. Anasema atakwangua, ataona nani ana kumbukumbu.

Anataka pia karakana yenye meza mbili, moja ya spana na moja ya tezo, na amekwishawaita wachongaji wenzake watatu wa Mnyambe ambao siku hizi wanachoma mkaa. “Mikono ile si ya mkaa,” anasema. “Nikipata magari matatu kwa mwaka, tunakula sote.”

Lakini kabla ya hayo ilibaki fomu ya cheti, na mstari wake wa mwisho: jina la fundi. Bi Mabel aliuliza aandike nani. Filemoni akaomba asubiriwe. Akaenda kunawa kwa sabuni ya unga hadi kwenye viwiko, akarudi mikono ikidondosha maji, akaomba kalamu aandike mwenyewe.

“Vinyago vyangu vilinunuliwa kijijini, vikauzwa Dar, vikapanda ndege,” alisema akiwa ameinama juu ya boneti. “Viko majumbani kwa watu huko. Hakuna hata kimoja chenye jina langu. Si kwamba nilikataa. Hakuna aliyewahi kuuliza.”

Aliandika polepole, kwa herufi kubwa: FILEMONI CHINDULI, MCHONGAJI.

Bi Mabel alimkumbusha kwamba mstari ule unataka fundi.

“Naona, mama,” akajibu, na akamrudishia kalamu.